Boulenger: mzee wa London aliyeandika majina ya samaki wetu

Ndugu wachimbaji, na ninyi mama na watoto mulio nyumbani, leo tunawaletea maisha ya mtu aliyekufa tangu 1937. Hakuwahi kushika sururu. Hakuna siku alisimama ku soko ya Kadutu. Lakini kila mara munakula bugali na sambaza, munakula samaki mwenye alipata jina lake la kitabu ku mkono wa huyu mzee. Na kisa chake kinatugusa sisi wa sendika kuliko vile mtu angefikiri. Mukisoma paka mwisho mutaelewa juu ya nini.

Tuanze na sahani. Jioni mtu anatoka ku shimo, matope imefika magotini, mgongo unauma. Nyama ya ng'ombe ni ya siku shimo imetoa vizuri. Siku zingine zote ni sambaza. Kamituga, Nzibira, Nyabibwe, zinafika zimekauka ndani ya mifuko, juu ya pikipiki ao juu ya kichwa cha mama. Mtoto wa mchimbaji anakua na sambaza. Ukiondoa sambaza ku sahani yetu, mara nyingi inabakia bugali na sombe peke yake.

Sasa tafuta mzee aliyezaliwa kandokando ya Ziwa Kivu miaka mingi mbele ya uhuru. Muulize kama babu yake alikula sambaza ya ziwa hili. Jibu ni hapana. Ile wakati sambaza haikukuwa ndani ya Kivu hata moja. Ni mgeni. Alitoka Tanganyika, na alipandishwa huku kati ya 1958 na 1960. Tunajuaje kama ni mgeni? Wazee wanakumbuka, lakini wazee wanakwisha. Tunajua pia kwa sababu kuna mtu aliandika, zaidi ya miaka 100 iliyopita, samaki gani walikuwa wa Kivu na samaki gani walikuwa wa Tanganyika. Mtu huyo njo George Albert Boulenger.

Boulenger alizaliwa Bruxelles, Ubelgiji, tarehe 19 Oktoba 1858. Baba yake alikuwa noteri, mtu wa kuandika na kuhifadhi karatasi za mali za watu. Pengine mtoto alirithi hiyo tabia, maana maisha yake yote alikuwa mtu wa kuandika na kupanga. Alisoma sayansi ya viumbe ku chuo kikuu cha Bruxelles, akamaliza 1876 akiwa bado kijana wa miaka 18 hivi. Akapata kazi ku jumba la makumbusho la Bruxelles, pale wanapohifadhi wanyama waliokufa kwa ajili ya masomo. Kazi yake ilikuwa vyura, nyoka, mijusi na samaki.

Mwaka 1880 aliitwa London. Jumba kubwa la makumbusho la Uingereza lilikuwa na chupa nyingi sana zenye wanyama ndani ya pombe kali, kutoka pande zote za dunia, na hakukuwa mtu wa kutosha wa kuzipanga. Aliyemuita alikuwa mkubwa wa kazi hiyo, Albert Günther. Ili aajiriwe na serikali ya Uingereza, Boulenger alipashwa kugeuka raia wa Uingereza. Aligeuka. Mwaka 1882 akapandishwa cheo, na akabakia ku kazi hiyo hiyo paka 1920. Karibu miaka 40 ku meza moja. Sisi wachimbaji tunajua maana ya kuzeeka ndani ya kazi moja.

Waliomjua walisimulia mambo mawili. La kwanza, kichwa chake kilikuwa kama sanduku: jina la mnyama akilisoma mara moja, halitoki. La pili, aliandika mara moja tu. Hakuwa mtu wa kufuta na kurudilia. Karatasi yake ilitoka ku meza ikaenda kuchapwa moja kwa moja. Alisema Kifaransa, Kiingereza na Kijerumani, na lugha zingine alizisoma. Alipenda pia kupiga violoni. Kufika 1921 alikuwa amechapisha maandishi zaidi ya 800, bila kuhesabu vitabu vikubwa. Viumbe ambavyo yeye njo alivielezea wa kwanza ku vitabu vya sayansi vinapita 2,000, na kati yavyo samaki peke yake wanapita 1,000. Ku watu wanaosoma samaki, jina lake linajulikana dunia nzima.

Kazi yenyewe ilikuwa namna gani? Chupa inafika. Ndani kuna samaki. Boulenger anamtoa, anamuweka mezani. Anahesabu magamba ku mstari wa ubavu, anahesabu miiba ya mapezi, anapima kichwa, jicho, mdomo, anaangalia meno. Anaandika yote. Halafu anauliza: huyu tulishamuona? Kama bado, anampa jina, anaandika alitoka wapi na nani alimleta, na samaki anarudi ndani ya chupa. Chupa inawekwa, haitupwi. Leo, mtu akibishana juu ya samaki fulani, anaweza kurudi kuangalia samaki yule yule.

Hapa tuseme ukweli wote, maana sisi si watu wa kusifu bure. Chupa za Kongo zilianza kufika kwa wingi ile wakati nchi yetu ilikuwa inaitwa État Indépendant du Congo, shamba ya mfalme Leopold. Serikali iliyokusanya samaki kwa ajili ya makumbusho ni ile ile iliyokusanya mpira kwa fimbo na kwa bunduki, ikaua watu wetu wengi. Mwaka 1901 Boulenger alitoa kitabu kikubwa juu ya samaki wa bonde la mto Kongo, na ile serikali njo ilikitoa. Ndani ya vitabu vya namna hiyo majina ya maofisa na wasafiri wazungu waliopeleka chupa yameandikwa vizuri. Mvuvi aliyetega wavu usiku, aliyejua samaki huyo analala wapi na anakula nini, jina lake haliko. Tunamheshimu Boulenger ku kazi yake, lakini hilo deni tunaliandika pia.

Tuje sasa ku maziwa yetu. Mwisho wa karne ya 19 wataalamu wa Uingereza walikuwa na swali juu ya Tanganyika. Ndani yake kulionekana konokono waliofanana na wa baharini, na hata mnyama mwororo kama utelezi anayeogelea, wa jamaa ya wale wa bahari. Watu wakauliza kama Tanganyika ilikuwa bahari zamani. Mwingereza J. E. S. Moore akatumwa kuangalia. Alirudi na chupa, na samaki wakapelekwa ku meza ya Boulenger. Mwaka 1898 Boulenger akaandika juu yao. Kati yao alikuwa samaki mdogo mwembamba, ubavu wake unang'aa madoadoa ya buluu. Leo vitabu vinamuita Lamprichthys tanganicanus. Mukamate jina hilo, tutarudi kwake.

Moore alisafiri mara ya pili na safari hiyo akapita paka Kivu. Mwaka 1901 Boulenger akaelezea samaki wa Kivu ambaye leo anaitwa Haplochromis vittatus, jamaa ya wale samaki wadogo wa pembeni ya ziwa. Miaka ya 1904 na 1905 akaja mtaalamu mwingine, Cunnington, akafanya kazi ku Tanganyika. Chupa zake nazo zikaenda London. Mwaka 1906 Boulenger akafungua moja akakuta samaki mdogo wa rangi ya feza, mwenye kuishi katikati ya maji kwa makundi makubwa. Akamuita Pellonula miodon. Baadaye wengine walimpanga ndani ya kikundi kingine, akawa Limnothrissa miodon. Wavuvi wa upande wa Tanganyika wanamuita lumbu. Huku kwetu njo sambaza.

Mwaka 1914 kulikuwa mwingine. Daktari wa Ubelgiji, Louis Stappers, alikuwa amezunguka ku Tanganyika na Moero kati ya 1911 na 1913. Ndani ya chupa zake Boulenger alikuta samaki mrefu mwenye kula samaki wadogo. Akamupatia jina la yule daktari: stappersii. Watu wa Uvira na wa Bukavu hamuhitaji kuelezewa, huyo ni mukeke. Mwaka huo huo wa 1914 akaelezea pia samaki mwingine wa Kivu, akamuita Haplochromis graueri, kwa jina la Grauer, mzungu wa Austria aliyezunguka pande zetu.

Mukifungua kitabu cha sayansi leo, mutaona jina Boulenger limewekwa ndani ya mabano nyuma ya jina la sambaza, la mukeke, na la yule wa madoadoa ya buluu. Mabano yanamaanisha kwamba yeye njo aliyewaelezea wa kwanza, hata kama wengine baadaye walibadilisha kikundi chao.

Mwaka 1905 chama cha wanasayansi wa Uingereza kilifanya mkutano wake Afrika Kusini, na Boulenger alikuwa mkuu wa upande wa wanyama. Mada yake ilikuwa namna samaki wa maji matamu wamegawanyika ndani ya Afrika: mto huu una hawa, ziwa lile lina wale. Kati ya 1909 na 1916, hata vita ikiwa inawaka Ulaya, alitoa vitabu vinne vikubwa vyenye samaki wote wa maji matamu ya Afrika waliojulikana ile wakati. Hiyo ilikuwa rejista ya kwanza yenye kukamilika ya bara letu.

Mwaka 1920 alipata pensheni. Akarudi Bruxelles, na badala ya kukaa kivulini akaanza kusoma maua. Alipima mawaridi ya Ulaya vile alivyopima samaki, akatoa vitabu viwili juu yao. Mtoto wake Edward naye alifuata njia ya wanyama, akawa mkubwa wa nyumba ya samaki ndani ya bustani ya wanyama ya London. Mzee alikufa Saint-Malo, Ufaransa, tarehe 23 Novemba 1937, akiwa na miaka 79.

Kisa kingeweza kuishia hapo. Lakini kwa sisi wa Kivu, faida ya ile rejista ilianza kuonekana akiwa kaburini tayari.

Ziwa Kivu ni ziwa la ajabu. Volkeno za upande wa kaskazini zilifunga njia ya zamani ya maji, na maji yakatafuta mlango huku Bukavu, yakashuka kwa Ruzizi paka Tanganyika. Ruzizi iko na maporomoko, samaki wa Tanganyika hawawezi kupanda. Njo maana Tanganyika iko na mamia ya aina ya samaki, na Kivu haifiki hata 30. Samaki wa Kivu walikuwa wanaishi pembeni. Katikati ya ziwa, kule kwenye maji mengi, hakukuwa samaki wa kula vile viumbe vidogo sana vinavyoelea, ambavyo jicho linaviona kwa shida. Chakula kilikuwa kule, mlaji hakuwepo.

Wabelgiji wa uvuvi wakaona hilo pengo. Kati ya 1958 na 1960, fundi wa uvuvi aliyeitwa Collart alisimamia kazi ya kupandisha watoto wa samaki kutoka Tanganyika, zaidi ya 50,000. Walitaka hasa ndagala. Ndagala ilikufa. Ile nyingine, yenye Boulenger aliandika 1906, ikashika. Ikazaana. Ikaenea ziwa nzima, upande wetu na upande wa Rwanda. Leo usiku mitumbwi iliyofungwa mitatu mitatu inatoka na taa, wavuvi wanaimba, na asubuhi mama wanangoja ku beach. Maelfu ya jamaa wanaishi juu ya hiyo kazi, na camp zetu za machimbo zinakula.

Je, mgeni alikuja bure? Hapana. Viumbe vidogo vinavyoelea vilipungua. Kimoja, aina ya kadudu ka maji kanakoitwa Daphnia, kilipotea ndani ya ziwa. Kile kadudu kalikuwa mlaji mkubwa wa majani madogo ya maji. Mwaka 1986 mtaalamu wa Ubelgiji, Henri Dumont, aliandika akiogopa kwamba sambaza itamaliza chakula chake yenyewe na uvuvi utaanguka. Haikuanguka, sambaza iko paka leo. Lakini ziwa la leo si lile la 1901. Na tunaweza kusema hivyo kwa uhakika kwa sababu kuna mahali pa kulinganisha.

Halafu, mwaka 2006, wavuvi na watafiti wakaona samaki mwingine ndani ya nyavu za Kivu. Mwembamba, madoadoa ya buluu ubavuni. Lamprichthys tanganicanus, yule wa chupa za Moore, yule wa 1898. Hakuna mpango uliomleta. Alifika, akaenea, na sasa anagombania chakula na sambaza ndani ya maji yale yale. Ni wageni wawili ndani ya ziwa letu, na wote wawili wako ndani ya rejista ya mzee mmoja, wameandikwa kama watu wa Tanganyika. Bila ile rejista, mtu angeweza kusema walikuwa humu tangu zamani, na nani angebisha?

Mutazame Ziwa Viktoria. Kule, tangu miaka ya 1950, waliingiza sangara, samaki mkubwa mla nyama. Alileta pesa na viwanda. Lakini mamia ya aina za samaki wadogo wa lile ziwa walipotea ao wakabakia kidogo sana. Wengine walipotea kabla mtu hajawapa jina. Hao hawana mtu wa kuwadai. Ni sawa na mchimbaji anayekufa ndani ya shimo bila kuandikwa ku orodha ya asubuhi: ku karatasi hakuna mtu aliyekufa.

Kuna jambo la pili, na hili haliletwi ndani ya ndoo. Ni joto. Ku Tanganyika joto la maji lilipimwa tangu 1912 na 1913. Mwaka 2003 wanasayansi walilinganisha vipimo vile na vya siku zao, wakaona maji yamepata joto zaidi, hasa ya juu. Mtu atasema, joto kidogo hivyo linafanya nini? Mama anayepika anajua: ukimwanga mafuta ya mawese juu ya maji, yanakaa juu, hayashuki. Maji ya moto nayo ni mepesi kuliko ya baridi, yanakaa juu. Chini kabisa, ndani ya ziwa lenye kina cha mita 1,470, njo kuna mbolea ya ziwa, mabaki ya kila kitu kilichokufa na kushuka. Zamani upepo mkali wa kiangazi ulikuwa unavuruga maji, mbolea inapanda, majani madogo ya maji yanakula, kadudu kanakula majani, ndagala inakula kadudu, mukeke anakula ndagala. Sasa joto limetengeneza kifuniko. Upepo unasukuma lakini mbolea inapanda kidogo. Ni kama shimo refu lisilo na ventilateri: hewa nzuri iko inje, na wewe uko ndani unakosa pumzi.

Wale wataalamu wa 2003 walikadiria kwamba chakula cha chini kabisa cha ziwa kilipungua karibu 20 kwa mia, na kwamba samaki wanaweza kuwa wamepungua karibu 30 kwa mia juu ya jambo hilo. Mwaka 2016 wengine wakachimba matope ya chini ya ziwa, wakasoma tabaka zake vile sisi tunasoma tabaka za mwamba, wakaona samaki walianza kupungua mbele ya uvuvi mkubwa wa biashara kuanza. Haimaanishi nyavu za macho madogo hazina kosa. Ziko na kosa, na nchi zinazopakana na Tanganyika zimekubaliana kufunga uvuvi miezi 3 kwa mwaka ili samaki wazae. Lakini mvuvi peke yake asibebeshwe mzigo wote. Joto la dunia halikutoka ku mtumbwi wake.

Na hii si ya Afrika tu. Mbali sana, ku kisiwa cha Tasmania, Australia, chini ya bahari kulikuwa misitu ya mwani mkubwa. Mwani ule unarefuka mita nyingi kama miti, na ndani yake samaki wengi wanazaa na kujificha. Mkondo wa maji ya moto ukashuka kusini kuliko zamani. Mwani ule unapenda maji ya baridi, ukaanza kufa. Na ndani ya maji yale ya moto akaja mgeni, mnyama wa mviringo mwenye miiba mirefu kama nungunungu, anayekula mwani paka mwamba unabakia uchi. Ku Tasmania alionekana mara ya kwanza 1978. Leo ule msitu wa pwani ya mashariki umebakia sehemu ndogo sana. Joto na mgeni walishikana mikono. Wavuvi wa kule waliona maajabu yale yale wavuvi wa kwetu wanaona, na kule pia watu wanaweza kuthibitisha kwa sababu kuna ramani na picha za zamani.

Sasa turudi kwetu, ku sendika. Tuko na kisa tunakijua vizuri, na jina la kampuni hatulitaji. Ndugu mmoja alifanya kazi ya kutoboa mwamba miaka zaidi ya 20. Kifua kikaharibika juu ya vumbi. Tulipoenda kumdai, tuliulizwa karatasi moja tu: siku ya kwanza ya kazi, kifua chake kilikuwa namna gani? Karatasi haikukuwepo. Hakuna aliyempima akiingia. Wakasema alikuja na ugonjwa kutoka kwao. Sisi sote tulijua ni uongo, tulimuona akiingia kijana mwenye kubeba mifuko miwili. Lakini kujua kwetu hakukuwa karatasi. Yule ndugu alikufa bila kulipwa hata faranga.

Tangu siku hiyo tumeelewa kazi ya watu kama Boulenger. Yeye alipima samaki ku siku yake ya kwanza. Alipomaliza kumpima sambaza 1906, hakujua kama siku moja huyo samaki atalisha wachimbaji wa Kivu. Hakujua habari ya joto. Alifanya kazi yake sawasawa, akaandika tarehe na mahali, akaweka chupa. Leo watafiti wetu wa Uvira na wa Bukavu wanafungua vitabu vyake wanapotaka kusema ziwa limebadilika, na hakuna mtu wa kuwaambia kwamba ziwa lilikuja na ugonjwa kutoka kwao.

Njo maana tunaomba mambo haya. Kila mchimbaji anayeingia ku shimo ao ku kampuni, apimwe kifua na masikio siku ya kwanza, na karatasi moja abakie nayo yeye mwenyewe, nyumbani, kwa mama. Kila koperative iwe na kahié ya asubuhi: nani ameshuka, saa ngapi, nani amepanda. Na mama zetu wanaouza sambaza, nao tunawaomba kahié yao: kila mwezi, bei ya kopo, sambaza zilikuwa kubwa ao ndogo, na kama yule wa madoadoa ya buluu ameongezeka. Mutaandika kwa Kiswahili, kwa Mashi, kwa namna yoyote, lakini muandike na tarehe.

Na ile sehemu ambayo vitabu vya London viliacha wazi, sisi tuijaze. Pale kwenye kahié ya samaki, muandike pia jina la mvuvi.